Kasia la Kushukia Mlima

Vijana wa dispanseri wameniomba niandike machache kuhusu kazi yetu kabla sijasahau. Nimeshaanza kusahau, kwa hiyo nitaandika haraka. Sitasema nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, maana mambo hayo hayajawahi kumponya mgonjwa. Nitasema habari za magoti. Ninyi mnaopanda kwenda vijiji vya juu sasa mmeanza kuchechemea, na kila mmoja wenu anadhani yeye ndiye wa kwanza kuumwa. Nimewaona Jumamosi mkishuka mmeshikana mabega, mkiniambia ni uchovu tu. Mimi nami nilisema ni uchovu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, goti likiwa limevimba hadi suruali haipiti.

Nilizaliwa Uvira, ufukweni kabisa, mtoto wa mvuvi wa ndagala, wale samaki wadogo wa kuanika. Kwetu mlima upo tu nyuma ya nyumba: ukitoka ziwani ukatembea kidogo unakutana nao, lakini sisi watu wa maji tulikuwa tukiupa mgongo. Watu wa juu walitutania kwamba tunatembea kwa matako, kwa sababu tunafika kila mahali tukiwa tumekaa ndani ya mtumbwi. Basi nilipopata kazi ya kumsaidia muganga wa dispanseri aliyehudumia mlimani, mtaa mzima ulicheka. Mama alicheka pia, halafu akanipakia mihogo ya kutosha kijiji kizima.

Muganga huyo aliitwa Kashindi. Alikuwa Mfuliiru wa huko huko juu, mtu mfupi, mkavu wa miguu, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu usogee ili umsikie. Kila mwezi alipanda kuzunguka vijiji vya mlimani: kuchanja watoto ndui, kutia dawa ya macho, kusafisha vidonda, kuwatazama wajawazito. Siku yangu ya kwanza nilimkuta nyuma ya dispanseri akifunga sanduku la dawa. Nilikuwa nimevaa viatu vyeusi vya mjomba wangu, vile vya ngozi alivyovaa Pasaka na Krismasi. Kashindi alivitazama kwa heshima.

“Hibi biatu bilibatizwa?” akaniuliza.

“Hapana, Muzee. Ni vya mjomba.”

“Basi bibaki ku kanisa. Mulima haina misa.”

Akanipa viatu vilivyokatwa kwenye mpira wa gari, vyenye kamba ya kufunga kisigino. Nilivionea aibu. Baadaye nilikuja kuvipenda kuliko viatu vyote nilivyowahi kuvaa, kwa sababu havitelezi kwenye jiwe lenye maji. Akafungua mzigo wangu, akatoa nusu ya mihogo ya mama, akaigawia wanawake waliokuwa wakisubiri dawa. Hilo lilikuwa somo la kwanza: kila unachobeba kwenda juu, goti lako ndilo litakalokirudisha chini. Somo la pili lilikuwa namna ya kubeba. Sisi wa ziwani tunaweka kitu kichwani. Yeye alinionyesha kamba pana inayopita kwenye paji la uso, mzigo ukilala mgongoni, chini kabisa, karibu na kiuno. Kichwani, alisema, mzigo unakusukuma mbele kila unaposhuka.

Tulipoanza kupanda nilimwacha nyuma. Nilikuwa kijana, nina pumzi ya mvuvi, na yule mzee alikuwa anatembea na fimbo yake taratibu kama mtu anayetafuta sindano njiani. Nilimngoja kila penye kivuli, nikimwonea huruma. Tulipofika juu, pale unapogeuka ukaona ziwa lote na uwanda wa Ruzizi umelala hadi upande wa Burundi, nilikuwa nimeshapumzika mara mbili. Nikamwambia pole, Muzee. Akakaa juu ya sanduku.

“Kimbia tu,” akasema. “Kupanda inakulaka pumzi, na pumzi inarudiaka. Kushuka inakulaka magoti. Utaniambia.”

Waswahili wana msemo wao, kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma. Niliujua tangu shuleni, na mwalimu alinipa alama nzuri kwa kuueleza. Siku ya kushuka niliusahau wote. Nilishuka mbio, miguu imenyooka, kisigino kikigonga ardhi kwanza, mwili nyuma, nikisimama kwa ghafla kila penye kona. Nilifika Uvira kabla ya Kashindi, nikajiona shujaa, nikaenda kuoga ziwani. Asubuhi sikuweza kuchutama.

Nilipenda kazi ile tangu mwanzo, nitasema wazi. Nilipenda baridi ya juu, maziwa ya asubuhi, moshi wa maharagi ndani ya nyumba, watoto wanaokimbia wakiona sindano na kurudi wakiona sabuni. Na Kashindi alikuwa anafundisha. Wale waliobaki chini walichemsha sindano na kufagia, hakuna aliyewafundisha kitu. Aliyepanda alishika mgonjwa kwa mikono yake. Niliona kwamba nikiendelea kupanda nitakuwa muganga, na nikiacha nitakuwa mwenye ufagio. Kwa hiyo goti nililifanya siri.

Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbukia kanisani. Padri aliposema tupige magoti, mimi nilibaki nimekaa, nikaendelea kukaa Jumapili iliyofuata na ile nyingine. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwa sauti iliyofika altareni kwamba tangu mtoto huyu aanze kazi ya sindano ameacha dini. Maumivu yalikuwa mbele, chini ya pia ya goti na pembeni yake. Kupanda ngazi ilikuwa nafuu, kushuka ngazi ilikuwa mateso. Nikikaa muda mrefu nikasimama, goti lililia kama mlango. Nawaelezea hivi ili mjue: maumivu ya namna hiyo hayatokani na kurogwa na jirani, wala na kuvuka kivuli cha mtu, ingawa nyumbani nilitajiwa majina ya jirani wote. Ni kushuka vibaya.

Kashindi aligundua safari iliyofuata. Aligeuka njiani akanikuta nashuka kinyumenyume, nimeshika majani, uso kwenye mlima.

“Weye uko naaga mulima ama uko nashuka?” akauliza.

Hapo nikakaa chini, nikamwambia yote. Hakunikemea. Alinivua viatu, akanikunja suruali, akalibonyeza goti kwa kidole gumba hadi nikaruka. Kisha akanipeleka kwenye kijito, akanikalisha kwenye jiwe ambapo maji baridi yalipita juu ya goti, tukakaa hapo tukila mihogo. Dawa yake haikuwa na uchawi, na sijapata bora zaidi hadi leo. Goti lililovimba lipumzike, liinuliwe juu ya mzigo, litiwe maji baridi. Likitulia, lifungwe bande, yaani kitambaa cha vidonda, kuanzia chini kwenda juu, isibane hadi mguu ugeuke rangi. Jioni mama wa nyumba anaweza kukukanda mapaja kwa mafuta ya mawese ya vuguvugu. Mapaja, si goti lenyewe. Kashindi alisema goti ni mtoto na paja ni mama yake. Mama akiwa dhaifu, mtoto anabeba kila kitu.

Kwa hiyo akaniamuru nikae juu ya sanduku la dawa na kusimama bila kushika kitu, polepole, kisha nikae tena polepole zaidi, mpaka mapaja yatetemeke. Kila asubuhi na kila jioni. Wagonjwa waliona ni ibada fulani. Mzee mmoja wa kijiji aliuliza kama ni ya Wakatoliki au ya Waprotestanti, kwa sababu alitaka kujua kabla hajajiunga.

Na kushuka alinifundisha upya, kama mtu anayefundisha mtoto kutembea. Hatua fupi. Goti limepinda kidogo wakati wote. Usishuke mlima moja kwa moja, ukate upande huu na upande ule hata kama njia inakuita. Usiruke. Usishindane na mbuzi. Na mwisho akasema shika fimbo, chini yako upande wa mteremko, uitangulize kabla ya mguu wenye maumivu.

Nikamwambia fimbo siwezi.

Ninyi mnaona vijana wa mlimani leo wote wana fimbo, mnadhani ilikuwa hivyo siku zote. Kwetu, ziwani na mlimani, fimbo ni ya mwenye nyumba. Baba akifa, siku ya kuondoa msiba wazee wanamwita mwana aliyechaguliwa, wanamkabidhi fimbo ya baba yake mbele ya watu, na tangu siku hiyo ndiye anayesimama mahali pake. Kijana anayetembea na fimbo baba yake angali hai anatangaza mbele ya dunia kwamba anangoja. Kashindi alikuwa na fimbo kwa sababu baba yake alikuwa amelala kaburini miaka mingi. Wale vijana waliobeba maharagi na viazi kutoka juu hadi soko la Uvira, mzigo mkubwa kuliko wao, walikuja kwetu magoti yamejaa maji, na kila tulipowaambia wachukue fimbo walijibu neno moja: “Baba iko.” Tukawafunga bande, wakaondoka wakichechemea, wana adabu njema.

Nilijaribu hata hivyo. Nilikata mti njiani, wa kawaida tu, hauna kichwa wala nakshi. Niliusahau mkononi nikaingia nao uani kwetu. Baba alikuwa anatengeneza wavu. Alikuwa mtu mpole, mtu wa mizaha, anayeimba akivuta mtumbwi. Alisimama, na wavu ukaanguka.

“Hiyo ni nini?”

“Ni ya mulima, Baba. Goti yangu inaniuma.”

“Goti. Minye niko hapa nakula, nalala, naenda ku ziwa, na mutoto yangu anaingia mu lupango na fimbo. Bantu ya njia banasema nini? Banasema yule muzee amekwisha.”

“Baba, ni muti tu.”

“Basi kama ni muti, iende mu moto.”

Akaichukua, akaivunja kwenye paja lake, akaiweka chini ya chungu cha mama. Hakula siku ile. Nami sikula, kwa sababu niliona midomo yake ikitetemeka, na sikuwahi kumwona baba akiogopa kitu. Baba yake mwenyewe alikufa ghafla ziwani, na fimbo ilikuja mkononi mwake akiwa mdogo kuliko mimi. Hakuitaka. Hilo mama aliniambia baadaye, tukiwa tunaanika ndagala.

Wakati huo huo Mzungu wa afya, yule aliyesimamia safari zetu, aliniita. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda milima, Jumapili alipanda kwa raha yake, jambo ambalo lilitushinda kuelewa sisi tuliopanda kwa kazi. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba nimechelewa kurudi mara nyingi, kwamba anaona namna ninavyotembea, na kwamba mlima unataka miguu. Safari moja tena. Nikichelewa au nikibebwa, nitabaki chini na sindano zangu za kuchemsha, na Kashindi atapewa mtu mwingine. Nilitoka pale nikiwa na hasira na kila mtu, hasa na goti.

Nilimwambia mama. Mama aliuza samaki maisha yake yote, na mtu anayeuza samaki anajua kwamba kila mlango una dirisha lake. Aliendelea kugeuza ndagala kwenye mchanga.

“Baba yako alikataza nini?” akauliza.

“Fimbo.”

“Kasia alikataza?”

Nikamtazama. Alinyoosha kidole kwenye ukuta, ambapo kasia refu la baba lilikuwa limeegemea, lile la kuongozea mtumbwi akiwa amesimama nyuma. Lilikuwa la zamani, mpini umelainishwa na mikono, na baba alikuwa ameshachonga jipya.

“Mutoto ya muvuvi akibeba kasia, nani atasema kitu?” mama akasema. “Ataonekana mujinga tu. Ujinga haiue baba ya mutu.”

Basi nikapanda mlima na kasia. Baba alikuwa mlangoni asubuhi hiyo. Alilitazama kasia, akanitazama mimi, akamtazama mama, mama akatazama samaki. Akanipisha nipite. Hakuna desturi iliyowahi kusema lolote juu ya kasia mlimani. Hakuna aliyefikiri ingehitajika.

Sitawaficha jinsi walivyonicheka. Kashindi mwenyewe ilimbidi akae chini. Wanawake waliokuwa wakishuka na mizigo waliniuliza kama ziwa limehamia juu. Vijijini watoto walitufuata wakifanya mikono kama wanaopiga makasia. Mzee yule aliyeuliza habari za ibada alinisogelea akanishika bega.

“Muganga, mutumbwi utafika lini?” akasema. “Minye nataka nafasi ya mbele.”

Lakini niwaambie kitu, kwa faida ya kazi: kasia ni chombo kizuri. Kwenye matope ule upana wake hauzami kama fimbo. Kwenye mawe unaligeuza, upana juu, mpini chini, na unashika shingo ya kasia ambapo kiganja kinakaa vizuri. Goti langu liliponipigia kelele nilihamishia uzito mikononi, na mikono ya mtu aliyelelewa kwenye mtumbwi ina nguvu kuliko miguu yake. Kwa mara ya kwanza niliamini nitashuka kwa wakati. Nilianza hata kuimba, nyimbo za baba za kuvutia mtumbwi, na Kashindi akaitikia kwa kukosea maneno.

Siku ya kushuka ndipo walipotuita kwenye nyumba ya Faida. Alikuwa mke kijana, uzazi wa kwanza, uchungu ulikuwa umeanza tangu jana na mtoto hasogei. Kashindi alimpima, akatoka nje, akaosha mikono muda mrefu. Nilimjua. Alipoosha mikono hivyo maana yake dawa iko Uvira, kwa daktari, wala si ndani ya sanduku letu.

Wakafunga machela kwa miti miwili na mablanketi. Vijana wa kijiji wanne wakainua, wengine wanne wakafuata kupokezana, na mume akabeba sanduku letu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kashindi alitembea kando ya Faida akimshika mkono na kumsemesha kwa Kifuliiru bila kunyamaza, kwa hiyo mbele nilikwenda mimi, na kasia, kupima njia. Nilichokuwa nacho kichwani wakati ule si Mzungu wa afya wala safari ya mwisho. Nilisikia yule mama akilia nyuma yangu na niliogopa kwamba nikikosea jiwe moja watu wawili watakufa.

Juu ya mto Mulongwe kuna mahali ambapo njia ni nyembamba, mlima upande mmoja, maji chini upande mwingine. Mvua ilikuwa imeila njia. Nilipita, nikageuka kuwaonyesha pa kukanyaga, na kijana wa mbele akakanyaga palepale nilipoonyesha, na udongo ukaondoka na mguu wake. Machela ikaanza kuteleza kuelekea kwetu, yaani kuelekea kwangu na mto. Nililichomeka kasia kati ya mawe mawili, nikaweka bega chini ya mti wa machela, na magoti nikayapinda. Sikufikiri. Yalipinda yenyewe, namna yalivyozoea juu ya sanduku la dawa, na mapaja yakashika. Nilisikia kitu kikipasuka, nikadhani ni goti. Wale vijana wakapata pa kukanyaga, wakavuta, machela ikarudi njiani, Faida akiwa ndani, akitukana kwa sauti nzuri yenye nguvu. Kashindi akasema anayetukana hivyo hafi leo.

Kilichopasuka kilikuwa kasia. Ule upana ulikuwa umevunjika shingoni, ukaanguka, ukaenda na Mulongwe kuelekea ziwani kabla yetu. Nilibaki na mpini. Tulishuka sehemu iliyobaki nikiutumia vile vile, hatua fupi, upande huu na upande ule, na tulifika Uvira jua likiwa bado juu. Daktari alimchukua Faida. Tulikaa nje ukutani, vijana wote wale na sisi, mpaka tuliposikia mtoto akilia na mara baada ya hapo mama yake akiuliza kama ni mvulana. Alikuwa msichana. Mume alilia kwa furaha hivi kwamba vijana wenzake waliona aibu, nao wakalia.

Mzungu wa afya alikuja kututazama. Alisikia habari kutoka kwa Kashindi. Akaniamuru nikunje suruali, akalibonyeza goti, akanifanya nichutame na kusimama. Kisha akasema nitapanda tena. Lakini kila mara nitakuwa na kitu cha kushikilia, na si kasia, kwa sababu anataka watu wake wafike na mizigo yao na si vyombo vya uvuvi. Fimbo ya kweli. Bila hiyo nisionekane njiani. Alidhani amenipa zawadi. Niliangalia mkononi mwangu. Kasia ukilitoa upana wake, kinachobaki ni fimbo, na nilikuwa nimetembea nayo kupita soko lote la Uvira, mbele ya macho ya watu.

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeamua kuacha kazi ya mlimani. Nasema kweli. Niliupenda mlima, lakini baba yangu nilimpenda zaidi, na sikuweza kumwona tena na ile midomo inayotetemeka. Alikuwa amekaa uani, ameshasikia. Uvira habari inakwenda haraka kuliko miguu. Nilipiga magoti mbele yake, nikauweka ule mpini chini. Magoti yaliuma.

“Kasia yako imevunjika, Baba. Nisamehe.”

“Nani aliivunja?”

“Mulima.”

“Na ule mwanamuke?”

“Iko muzima. Na mutoto, musichana.”

Aliuokota mpini. Aliugeuza, akapitisha kidole pale ulipovunjika, kisha pale ambapo mikono yake mwenyewe ilikuwa imeulainisha miaka yote ile. Nikamwambia sharti la Mzungu, nikamwambia pia kwamba nimeamua kubaki chini. Aliingia nao ndani na kufunga mlango, na mama akanipa ishara ninyamaze. Siku zilizofuata hakuzungumza nami neno juu ya jambo hilo, wala mpini sikuuona, na mimi nilichemsha sindano.

Asubuhi ya safari iliyofuata nilikuwa dispanseri, ninamsaidia Kashindi kufunga sanduku ambalo mtu mwingine angelibeba. Wanawake wakaacha kuongea. Niligeuka nikamwona baba anakuja njiani, amevaa koti lake la misa, na mkononi ana fimbo. Alikuwa ameuchonga mpini, amelainisha mwisho, ameufunga ngozi mpya chini ili usiteleze kwenye jiwe. Hakuniangalia. Akamwambia Kashindi, “Twende,” na akatangulia; nikabeba sanduku, nikawafuata.

Tulipita katikati ya soko. Wachuuzi wa samaki waliomjua tangu utoto wakamuita, wakamuuliza anakwenda wapi na fimbo asubuhi. Alisema anaisindikiza. Watu wakaanza kufuata nyuma, wabeba mizigo, watoto, yule mama wa kanisani, na tulipofika chini ya mlima tulikuwa msafara. Hapo akasimama, akageukia watu wote, akanipa fimbo mkononi kwa mikono yake miwili.

“Muniangalie muzuri!” akasema kwa nguvu. “Minye ndiye baba yake. Niko muzima. Nakula, nalala, naenda ku ziwa. Fimbo hii nimemupa minye mwenyewe, na mukono yangu, macho yangu iko wazi. Mutu mwenye kusema mutoto huyu ananingojea nikufe, akuje anisemeshe hapa sasa.”

Hakuna aliyekuja. Kijana mmoja wa wale wabeba viazi, goti lake limefungwa bande yetu, alikuwa amesimama mdomo wazi, na niliona kwamba anafikiria namna ya kuongea na baba yake. Baba akanisogelea. Aliinama kidogo, akaligusa goti langu kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

“Shuka polepole,” akaniambia kwa sauti ndogo.

Nililia tu, na Kashindi akasema mlima hautungoji. Tukaanza kupanda. Kila nilipogeuka nilimwona bado amesimama pale chini, mkono juu, ili kila mtu amwone.